Hatua ya Kumi na Mbili

Tulimwita Afande. Mkewe alimwita Afande, mchungaji alimwita Afande, na mbwa wake, ambaye hakuwa na jina, aliitwa Mbwa wa Afande. Jina lake la nyumbani nililiona mara moja tu juu ya bahasha, nikalisahau kabla sijafika bwenini. Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, waulizeni wengine. Mimi shule niliishia darasa la nne, nitasema niliyoyaona. Niliyoyasikia nayo nitayatia, maana mengine ni matamu mno kuyaacha.

Kitu cha kwanza mtu kukijua kwa Afande ni kwamba alikuwa anasema mno. Aliamka anasema. Alikunywa chai anasema, chai inapoa, halafu anailaumu chai. Ukikutana naye njia ya Soni ujue umechelewa uendako: atakueleza vita ya Wajapani aliyopigana akiwa askari wa mkoloni, atakueleza dawa ya ng'ombe anayechechemea, atakueleza kwa nini watu wa Mlalo hawajui kupika makande. Na mtu huyohuyo ndiye aliyetufundisha kunyamaza.

Chuo chetu kilikuwa juu ya Lushoto, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, kwenye shamba lililoachwa na mzungu. Kilikuwa chuo cha mgambo. Wakati ule wa Ujamaa ilisemwa kila mwananchi ajue kuilinda nchi yake, basi vijana wa vijijini tukaletwa pale tujifunze bunduki na jembe. Jembe tulijifunza sana. Bunduki za kweli zilikuwa sita na zililala stoo. Sisi tulipewa za mbao, zilizochongwa na fundi wa vitanda. Yangu ilikuwa na mguu kama mguu wa kitanda kabisa, na sikosei nikisema ulikuwa ndio wenyewe.

Katika chuo hicho Afande alichagua vijana ishirini na wanne, akawaita Kikosi cha Kimya. Gwaride la kimya kimya, kwa wasiolijua, ni hivi. Gwaride la kawaida kuna mtu anapiga kelele: mguu sawa, nyuma geuka, mbele tembea. La kimya kimya, amri ni moja tu ya kuanzia. Baada ya hapo hakuna sauti, hakuna ngoma, hakuna kukonyezana. Mnatembea, mnageuka, mnarusha bunduki, mnakatana, robo saa nzima, na kila mtu hesabu yake iko ndani ya kichwa chake. Lilikuwa gwaride la watu wakubwa, wa vyuo vikubwa vya jeshi, vijana waliochaguliwa kimo na kifua. Afande alikuwa ameliona huko alikoliona, likamwingia.

Mimi nilikuwa Kulia. Maana yake mtu wa mwisho upande wa kulia, ambaye wengine wanajipanga kwake. Afande hakutuita majina, alituita mahali petu. Hata leo mtu akisema "kata kulia" mimi nageuka kumtazama.

Sasa Mkuu wa Chuo, bwana mmoja kutoka pwani, mpole tu, mwenye viatu vizuri, hakukipenda kikosi hicho. Alimwambia Afande mbele yetu, "Afande, hawa vijana wako hawatembei. Hawa wanapanda. Mbuzi utamfundisha gwaride?"

Afande akajibu, "Mbuzi hajawahi kuanguka mlimani, Mkuu."

Mkuu akacheka. Ila hakusahau, na sisi hatukusahau.

*

Mila za kikosi alizitunga mwenyewe, na kubwa ilikuwa maharage.

Kila siku kabla ya mazoezi alipita mstari kwa mstari na kopo, akampa kila mtu punje moja ya harage. Unaiweka chini ya ulimi. Kwa nini? Kwa sababu mtu anayehesabu kichwani, midomo nayo inataka kuhesabu. Inachezacheza. Ukiwa na harage mdomoni, ulimi una kazi ya kulinda harage, midomo inatulia. Tukimaliza, unatema kiganjani, Afande anapita kukagua. Harage zima, anatikisa kichwa anaendelea. Harage lenye alama ya jino, anakuuliza, "Uliogopa nini?" na lazima ujibu kweli. Harage likikosekana umelimeza, basi umekula mali ya kikosi, na wiki nzima unasafisha vyoo.

Mazima yote alikuwa anayapanda. Nasema kweli. Pembeni ya uwanja kulikuwa na kijishamba, matuta mawili matatu, yanapandwa maharage yaliyotoka midomoni mwetu. Yakikomaa yanapikwa siku kikosi kinapopokea mtu mpya, naye anakula bila kuambiwa yametoka wapi. Anaambiwa akishamaliza sahani. Mrefu, rafiki yangu aliyesimama wa pili kutoka kwangu, siku yake alitoka nje mbio, tukacheka mpaka wengine tukakaa chini.

Lenye alama ya jino halikupandwa. Hilo Afande alilitupa nyuma ya bega lake bila kutazama linakoangukia.

Kuna jambo jingine juu yake ambalo sikuwahi kulielewa. Huyu bwana wa hesabu, ambaye angeweza kukwambia umekosea hatua ya thelathini na moja wakati wewe mwenyewe hujui, Jumapili aliimba besi kwenye kwaya ya Kilutheri na hakuwahi hata siku moja kuimba kwa wakati. Wenzake wanamaliza ubeti, yeye bado. Mwalimu wa kwaya alimsogeza nyuma, akamsogeza nyuma tena, mwisho alikuwa anaimbia karibu na mlango. Nilimwuliza, "Afande, mbona hesabu ya gwaride unaijua na ya kwaya huijui?" Akasema, "Kule kanisani sina hofu." Nimelifikiria jibu hilo miaka mingi na bado silijui lilikuwa mzaha au si mzaha.

*

Mwaka ninaousimulia, tuliitwa Tanga sikukuu ya Sabasaba. Afande aliomba, akaandika barua, akaenda ofisini Lushoto mara nne kwa miguu, mpaka wakachoka na kusema walete.

Tulishuka na lori. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kufika Tanga. Joto lilitupokea kama mvuke wa sufuria. Uwanja ulikuwa umejaa watu, na ulikuwa mkubwa, na ulikuwa bapa. Sikuwahi kuona ardhi imelala namna ile. Niliona vizuri tu, nikasema moyoni ni raha hii. Sikujua.

Kilele cha gwaride letu kilikuwa kukatana. Mstari mmoja huku, mstari mmoja kule, watu kumi na wawili kwa kumi na wawili, tunatazamana. Tunaanza kutembea kuelekeana. Hatua kumi na moja za kawaida, ya kumi na mbili kila mtu anageuza bega, na mistari inapenyana kama vidole vya mikono miwili, hakuna anayemgusa mwenzake. Kule chuoni tulikuwa tunalifanya mpaka unasikia upepo wa shati la mwenzako tu.

Tanga tulikutana hatua ya kumi na moja. Hakuna aliyekuwa amegeuza bega.

Nikawa nimemvaa mtu kifua kwa kifua. Bunduki za mbao ziligongana, kah-kah-kah, mstari mzima. Moja ilikatika kichwa. Harage langu likatoka likaenda zake. Uwanja ulinyamaza kidogo tu, halafu mtu mmoja kule kwenye magogo ya kukalia akalia, "Meee!" Basi wakaitikia. Uwanja mzima, "Meee!" Sijui ni nani aliwapelekea habari ya mbuzi, au ni bahati tu, kwa sababu watu wa milimani hutaniwa hivyohivyo.

Tulimaliza. Hilo nataka lijulikane. Afande alikuwa amesema mtu akikosea, kikosi kinamaliza. Tulimaliza dakika zilizobaki tukizomewa kwa "Meee".

Kwenye lori hakuna aliyesema, hata Afande, na hapo ndipo tulipoogopa. Tulipofika Mombo, ambapo nchi tambarare inakwisha na barabara inaanza kupanda kwenda Soni, akagonga paa la dereva. "Simama. Shukeni."

Kando ya reli pana ardhi bapa. Akatupanga mistari miwili palepale, wasafiri wanatutazama, wauza machungwa wanatutazama. "Kumi na mbili. Tembea." Tukagongana ya kumi na moja. Akaturudisha. Tukagongana tena. Mara ya tatu akawa ametambaa chini kama mtoto, anaweka kijiwe kila mguu unapokanyaga. Halafu akakaa juu ya reli akatazama vile vijiwe, akaanza kucheka, na alipoanza kusema nikajua tumepona.

"Wanangu, hamjakosea," akasema. "Mimi ndiye niliyekosea. Uwanja wetu umelala ubavu. Mstari wa juu unashuka, wa chini unapanda. Anayepanda hatua yake fupi. Kumi na mbili yetu ni ya mlimani. Huku chini anayepanda amerefusha, mnakutana kabla. Miguu yenu imesoma mlima."

Muuza machungwa mmoja akauliza, "Sasa mzee, mtauhamisha mlima?"

"Kiasi," Afande akajibu.

*

Mkuu wa Chuo hakutupigia kelele. Alimwita Afande ofisini, dirisha wazi, sisi tuko nje tunang'oa majani ambayo yalikuwa yameshang'olewa.

"Umetuaibisha mkoa mzima."

"Ndiyo, Mkuu."

"Nakivunja kikosi hiki. Vijana wanahitajika shambani, na wewe umri wako umefika, nenda ukapumzike."

"Nipe mpaka sherehe za Uhuru, Mkuu. Disemba. Tukigongana tena, nitakukabidhi kopo la maharage mwenyewe nipande njia ya nyumbani."

Halafu Mkuu akasema, "Disemba. Na kikivunjika, Afande, wewe na chuo hiki basi."

Afande alitoka, akatukuta tumeinama na hakuna jani. Akasema, "Chukueni majembe."

Ardhi bapa Usambara mnajua ilipo: mabondeni, na mabondeni watu wamelima mboga na maharage tangu babu zao. Huwezi kumwambia mtu aache bonde lake ukatembee. Basi tukaanza kuchimba uwanja wetu. Upande wa juu tunakata, udongo tunamwaga upande wa chini, uwanja ulale.

Siku ya pili wazee wa kijiji wakaja, na mbele yao alikuwa Mama Yohana. Huyu alikuwa mjane, bonde lililo chini ya chuo lilikuwa lake. Akasimama juu ya udongo mbichi, akamtazama Afande aliye shimoni na jembe.

"Matuta," akasema. "Mzungu kaondoka, na wewe umerudi na matuta yako."

Hapa lazima nieleze, na si jambo zuri. Siku za mkoloni watu wa milima hii walilazimishwa kuchimba matuta mashambani kuzuia mmomonyoko. Kila kaya na kipande chake, asiyechimba anashtakiwa. Watu walichukia matuta kama ugonjwa. Na Afande wetu, aliporudi kutoka vitani, alipewa kazi ya kusimamia matuta. Alikuwa na fimbo na daftari. Mume wa Mama Yohana alikataa kuchimba, Afande akaandika jina lake, mtu yule akakaa ndani wiki mbili. Sikulijua mpaka siku ile. Nilimpenda Afande, na niliposikia hivyo nilitazama viatu vyangu.

Afande hakujitetea, na mwenye mdomo kama ule kutojitetea ni kazi. Akasema, "Mama Yohana, sijamwita mtu wa kijiji hata mmoja. Nachimba na vijana wangu."

"Naona."

"Na daftari sina."

"Naona. Zamani ulishika fimbo, leo umeshika jembe." Akaangalia mikono ya Afande. "Hata kulishika hujui. Utatoka malengelenge."

Akaondoka, na wazee wakaondoka naye. Na malengelenge yalitoka kweli, yakapasuka, Afande akafunga vitambaa akaendelea. Alikuwa na miaka ya kuitwa babu. Alichimba wa kwanza asubuhi, ukungu bado umekaa, unasikia jembe na sauti yake tu, mwenyewe humwoni.

Mwezi wa kumi uwanja ukalala. Tuliweka maji kwenye sinia katikati, hayakumwagika upande wowote. Tukaanza kutembea upya, na miguu ikakataa. Mlikuwa mnajua miguu inaweza kukataa? Sasa tulikuwa tunakutana ya kumi na moja na nusu, wengine wamegeuza bega, wengine bado. Afande alihesabu kwa sauti, akahesabu kwa kunong'ona, akapiga debe. Ukipiga debe tunaweza. Ukiliacha tunagongana.

Halafu mvua za vuli zikanyesha. Ule udongo tuliomwaga chini hatukuushikiza kwa chochote. Mvua ya siku moja ikaubeba wote ukashuka bondeni, ukalala juu ya maharage ya Mama Yohana yaliyokuwa yametoa maua. Aliyewahi kusimamia matuta ya kuzuia udongo, udongo wake ndio umeporomoka. Wazee walicheka kwa uchungu. Afande hakucheka.

Alishuka na kikosi kizima mpaka mlangoni pake, tukapanga mstari.

"Shikamoo, Mama Yohana," akasema. Afande ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri, na alimwamkia. Sote tulilisikia.

Mama hakuitikia. Aliendelea kupepeta. Mwisho akasema, "Udongo mtauondoa kwa vikapu. Shamba mtalipanda upya. Na mpaka mavuno yangu yatakaporudi mtanitwangia, maana mikono niliyokuwa nitumie kutwanga itakuwa inapalilia."

Mrefu akasema polepole, "Mama, sisi ni wanaume."

"Nimewaona. Michi iko pale."

Mwanamume wa Kisambaa kutwanga mahindi mchana kweupe! Wanawake wa kijiji kizima siku ile walikuwa na haja ya kuteka maji, na njia zote za kisimani zikapita kwa Mama Yohana. "Angalieni jeshi!" "Jamani huyu mrefu ananifaa, ataoka na mikate?" Kinu kilikuwa kimoja, michi mitatu, watu watatu wanatwanga kwa zamu ya haraka. Mimi nikaugonga mchi wa Mrefu, Mrefu akaugonga wa mwingine, mahindi yakaruka kuku wakafurahi.

Mama Yohana akatusukuma kando. Akaita mabinti wawili, wakasimama watatu. Tu, tu, tu. Tu, tu, tu. Wanatwanga huku wanasengenya watu wa kanisani, hawatazami kinu wala michi.

Afande alikuwa ameegemea ukuta. Akaja karibu. "Mama, nani anawaambia sasa zamu yako?"

"Nani aniambie? Mwenzangu si huyu hapa?"

"Humtazami."

"Natwanga naye, kumtazama kwa nini? Anapumua, namsikia. Akichoka nampunguzia, akikaza namkazia. Wewe mbona unauliza kama mtoto?"

Afande alinyamaza. Niliangalia saa ya mkononi mwa Mrefu, ambayo haikuwa inatembea, kwa hiyo sijui ni muda gani, ila ulikuwa mrefu kuliko wowote nilioujua kwake.

Tangu siku ile tulitwanga kila asubuhi kabla ya mazoezi. Watatu watatu, tunapokezana. Debe alilitupa. Alituambia, "Hesabu bado ni kumi na mbili. Lakini usiiachie namba peke yake. Msikilize anayekuja mbele yako." Wiki ya tatu mikono ikajua, miguu ikafuata. Tulikatana mara kumi, mara ishirini, bega halikugusa bega. Na huko chini Mama Yohana alikuwa amepanda majani ya tembo kwenye ukingo wa udongo wetu ili usishuke tena. Hakusema kitu, na sisi hatukusema. Ila Afande aliwaonyesha watu wote waliopita.

*

Siku ya Uhuru, Tanga tena. Uwanja uleule, joto lileile. Mkuu wa Chuo alikaa jukwaani na viatu vyake. Afande alipita na kopo, akampa kila mtu harage lake. Alipofika kwangu akasema, "Kulia, pumua." Basi.

Tulipotokea tu, wakaanza. "Meee!" Walikuwa wanakumbuka.

Afande akatoa amri yake moja. Tukaondoka. Na hapo bendi ya tarumbeta, ambayo ilitakiwa inyamaze, haikunyamaza. Sijui hawakuambiwa au walisahau. Walikuwa wamekaa kivulini wanapiga wimbo wao wa haraka, bum-bum, bum-bum, na mwendo wao si mwendo wetu. Mnajua shida ya mguu kusikia ngoma? Mguu unataka ngoma. Nilimwona Mrefu kidole chake cha gumba kinaanza kufuata bendi. Nilimwona Afande kwa pembe ya jicho, amesimama kama nguzo, shingo imetoka mishipa, na hawezi kusema. Amri yake moja alikuwa ameshaitoa.

Tukafika kwenye kukatana. Mistari ikatazamana. Aliyekuwa mbele yangu ni yuleyule niliyemvaa kifua Sabasaba, na niliona anaogopa kama mimi. Bum-bum, bum-bum. Nikaacha kutafuta namba. Nikamsikiliza yeye. Huwezi kumsikia mtu anapumua penye tarumbeta, najua, lakini nilimsikiliza, na kifua chake kilipopanda mguu wangu ulikwenda.

Moja. Mbili. Tatu. "Meee!" Saba. Nane. Ya kumi na moja meno yangu yakafunga, nikasikia harage linakatika vipande viwili.

Kumi na mbili. Bega.

Upepo wa shati. Kingine hakuna. Tulipita wote ishirini na wanne, tukatokea upande wa pili, tukasimama, tumepeana migongo. Bendi ilikuwa imeacha kupiga. Mpiga tarumbeta mmoja alikuwa ameishusha mdomoni akitutazama. Na ule uwanja, uliojaa watu mpaka kwenye kuta, ulikuwa kimya. Walikaa kimya mpaka tulipotoka nje, ndipo wakapiga makofi, tayari tuko nyuma ya jukwaa hatuonekani.

Afande akapita kukagua. Zima, zima, zima. Akafika kwangu. Vipande viwili.

"Uliogopa nini?"

"Kwamba utaondoka, Afande."

Akavichukua. Nikangoja avitupe nyuma ya bega. Hakuvitupa. Alivitia mfukoni, akasogea karibu na sikio langu. "Mimi langu nimelimeza," akasema. "Usiwaambie."

Wiki nzima iliyofuata Afande alisafisha vyoo, na watu wakadhani ni unyenyekevu. Leo ndiyo mara ya kwanza nalisema.

Mkuu wa Chuo hakukivunja kikosi. Kiliishi miaka sita zaidi, mpaka chuo chenyewe kilipofungwa. Uwanja upo. Ni mahali pekee pa karibu ambapo mpira hauporomoki, watoto wa shule wanauchezea, na kila jioni wanasema "uwanjani" kana kwamba uliumbwa hivyo.

*

Nilimwona mara ya mwisho miaka mingi baadaye. Nilikuwa nimeenda Bumbuli kumsalimia mgonjwa, nikasikia yuko nyuma ya kilima cha tatu, nikaenda. Miguu yangu yenyewe ilikuwa imeshachukua bakora.

Mkewe alikuwa nje anachagua maharage ya mbegu kwenye ungo. "Shikamoo mama," nikasema. Akaitikia, akanitazama, akanijua. "Kulia! Kaa. Yupo ndani. Ila hasemi. Tangu alipopooza, mwaka wa pili huu, neno halitoki. Nyumba imekuwa kubwa kweli."

Afande akatoka ameshika ukuta. Upande mmoja wa uso ulikuwa umelala, lakini macho yalikuwa yaleyale ya kukagua. Nikasimama mguu sawa, magoti yakalia, nikasema yangu yote: nani amekufa, nani ana wajukuu, Mama Yohana tulimzika mwaka gani. Nilisema sana, maana mmoja wetu alikuwa lazima aseme. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

Halafu akaenda kwenye ungo, akachukua punje mbili.

"Ya mbegu hayo!" mkewe akapaza sauti.

Moja akaitia mdomoni mwake, upande mzima. Moja akanipa. Akaninyooshea bakora: nenda kule. Ua wao umelala ubavu kama kila kitu cha huko. Nikashuka mpaka kwenye migomba. Yeye akabaki juu, karibu na mlango. Tukatazamana.

Hakuna aliyetoa amri. Kifua chake kikapanda, nikaondoka.

Hatua za wazee ni kitu kidogo. Nilipofika kumi na mbili nilikuwa bado mbali naye, naye mbali nami, anakokota mguu mmoja, bakora mbele. Nikaendelea. Kumi na tatu. Kumi na nne. Namba ikawa haina kazi tena, nikamsikiliza. Aliposimama kuvuta pumzi, nikasimama. Mguu wake ulipokuja, wangu ukaja. Nadhani ilikuwa ishirini na moja tulipogeuza bega, wote wawili, kwa pamoja, tukapita.

Alisimama upande wa chini, mimi juu. Akatema kiganjani. Zima. Nikatema langu. Akalichukua, akaligeuza huku na huku kwenye mwanga, akalitafutia jino. Halafu akainama polepole, mkewe akitaka kumshika na yeye akikataa, akatoboa ardhi kwa ncha ya bakora, akayaweka yote mawili, akafukia kwa kiatu.

Mbili kwa shimo moja. Ndivyo tunavyopanda kwetu.